Ndege Mwenye Jina la Nchi

Mwanafunzi ajifunzaye Kiingereza hukutana mapema na neno "turkey", na pengine neno hilo humsumbua. Akifungua kamusi ataona kwamba lina maana mbili. Ya kwanza ni nchi ya Uturuki, iliyo mpakani mwa Ulaya na Asia. Ya pili ni ndege mkubwa wa kufugwa, ambaye sisi twamwita bata mzinga. Asipoangalia vema, atasoma habari ya watu waliokula "turkey" siku ya Krismasi, naye ataandika katika daftari lake kwamba watu hao waliila nchi ya Uturuki. Darasa zima litacheka. Walakini wale wanaocheka nao wafaa waulizwe swali: kwa nini ndege aitwe kwa jina la nchi asiyotoka? Maana bata mzinga hakutoka Uturuki, wala hakukaribia kutoka huko. Asili yake ni Amerika. Na jambo la ajabu zaidi ni hili, kwamba ndege wa kwanza kuitwa jina hilo katika nchi ya Uingereza hakuwa bata mzinga. Alikuwa kanga, ndege wa Afrika, yule yule ambaye sisi twamjua katika vichaka vya Ugogo.

Basi yatupasa kuanza na kanga.

Nzuguni iko upande wa mashariki wa mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Nchi ya huko ni kavu. Mvua hunyesha tangu Desemba hata Aprili, kisha mbingu hufungwa, nyasi hugeuka rangi ya mchanga, na mibuyu hubaki mitupu bila jani. Nchi ya namna hiyo yamfaa kanga. Ni ndege wa kadiri ya kuku, lakini mwili wake ni wa mviringo zaidi, na mgongo umeinuka kana kwamba amebeba mzigo. Manyoya yake ni ya rangi ya majivu meusi, yenye madoa madogo meupe yaliyoenea mwili mzima, kama kwamba mtu alichovya kijiti katika chokaa akamdona kila mahali kwa subira. Kichwa hakina manyoya. Ngozi ya uso ni ya buluu, penye mdomo pananing'inia vipande vya nyama vyekundu, na juu ya utosi pana pembe ngumu mfano wa kofia ya askari.

Wakati wa kiangazi kanga hutembea makundi makundi. Asubuhi huparua ardhi wakitafuta mbegu, mizizi, panzi, mchwa na kupe. Jua likichwa huruka juu ya miti wakalala huko, mbali na meno ya mbweha. Wakishtushwa hupenda kutumia miguu kabla ya mabawa. Jike hulia kwa sauti ya vipande viwili, na Waingereza wanaofuga kanga husema kwamba sauti hiyo yafanana na maneno "come back", yaani, rudi, rudi. Mwenye shamba la uwele karibu na pori hatapenda kuambiwa hivyo, kwa kuwa kanga wakirudi wakati wa kupanda huzifukua mbegu zake ardhini.

Jina la kanga ni la kale mno katika lugha za Kibantu. Washona wa Zimbabwe humwita hanga. Wachewa wa Malawi humwita nkhanga. Nasi husema kanga. Majina hayo ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Hayakuazimwa kwa mtu wa mbali, wala hakuna mfanya biashara aliyeyaleta katika merikebu. Watu waliishi pamoja na ndege huyo, wakampa jina, wakalichukua jina hilo kila walikohamia.

Waswahili wana methali isemayo, Kanga hazai ugenini. Hata hivyo habari za kale zatuonyesha kanga aliyepelekwa ugenini, akazaa huko vizuri sana, na akapewa huko majina ambayo wazee wake hawakuyajua.

Wayunani wa kale walimfahamu. Walimwita meleagris, na ili kulieleza jina hilo walisimulia hadithi ya kijana shujaa aitwaye Meleager. Kijana huyo alimwua nguruwe mwitu mkubwa aliyekuwa akiharibu mashamba ya nchi yake. Baada ya ushindi kukatokea ugomvi juu ya ngozi ya mnyama, naye Meleager katika hasira yake akawaua ndugu za mama yake. Kwa sababu hiyo yeye naye akafa, na dada zake wakamlilia mchana na usiku bila kunyamaza. Mungu mke wa uwindaji, katika imani ya Wayunani, akawageuza dada hao kuwa ndege, na machozi yao yakabaki juu ya manyoya kama madoa meupe. Hiyo ni hadithi tu, lakini mtu aliyeibuni alikuwa amemtazama kanga kwa makini.

Warumi nao walimfuga, na kumla. Mwandishi wao Varro, aliyefariki mwaka wa 27 kabla ya Kristo, aliwaita ndege hao kuku wa Afrika. Tazameni basi: zaidi ya miaka 2000 iliyopita, watu wa Ulaya walimwita kanga kwa jina la kweli, lenye kutaja bara lake. Hawakukosea. Makosa yalikuja baadaye, dola ya Warumi ilipoanguka na kanga wakawa adimu katika Ulaya, hata watu wengi wakawasahau.

Katika karne za 15 na 16 kanga wakaanza kuonekana tena huko, nao walifika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilipita mashariki ya Bahari ya Kati. Nchi za upande huo zilikuwa mikononi mwa dola ya Waturuki, ambayo mwaka wa 1517 iliitwaa na Misri pia. Wafanya biashara waliosafiri huko waliitwa na Waingereza kwa jina la nchi hiyo, na bidhaa zao vilevile. Zulia lililotoka upande ule lilikuwa zulia la "Turkey", hata kama lilifumwa mbali zaidi. Basi ndege mwenye madoa aliyeletwa na watu hao akaitwa jogoo wa "Turkey" au kuku wa "Turkey". Mnunuzi aliyesimama sokoni London hakuuliza ndege huyo alitagwa wapi. Alijua tu ni nani aliyemwuza, na jina likamfuata mwuzaji.

Njia ya pili ilikuwa ya Wareno. Wao walizunguka kwa merikebu pwani ya magharibi ya Afrika, nchi iliyoitwa Guinea, wakarudi na kanga kutoka huko. Kwa njia hiyo Waingereza wakapata jina jingine la ndege yule yule, yaani "guinea fowl", kuku wa Guinea. Jina hili ni la haki kidogo kuliko lile la kwanza, kwa maana angalau lataja mahali katika Afrika. Lakini nalo ni jina la bandari alikopakiwa. Kanga wa Ugogo hakuiona Guinea hata siku moja.

Wakati kanga alipokuwa na majina hayo mawili, akaja mgeni.

Mwaka wa 1492 Christopher Columbus alivuka bahari ya magharibi akidhani kwamba amefika Bara Hindi, kumbe alikuwa amefika visiwa vya Amerika. Baadaye Wahispania wakaingia nchi ya Mexico, wakakuta wenyeji wakifuga ndege mkubwa ambaye hakuna mtu wa Ulaya aliyepata kumwona. Wenyeji hao walikuwa wamemfuga tangu zamani za kale. Katika lugha yao walimwita huexolotl, na mpaka leo watu wa Mexico, wasemapo Kihispania, humwita guajolote, jina lililotokana na lile la kale. Wahispania wakamchukua mpaka kwao, na upesi akaenea katika Ulaya, kwa sababu nyama yake ilikuwa nyingi na tamu. Katika Uingereza husimuliwa kwamba aliyemleta alikuwa baharia aitwaye William Strickland, mtu wa Yorkshire. Mwaka wa 1550 Strickland alipewa ruhusa ya kuwa na nembo ya ukoo wake, na juu ya nembo hiyo pamechorwa ndege huyo. Katika kanisa la Boynton, kijiji cha ukoo huo, meza ya kusomea Biblia imechongwa kwa mfano wa bata mzinga aliyekunjua mkia. Makanisa mengi ya Uingereza hutumia mfano wa tai, ambaye kwa kweli hupendeza zaidi mahali hapo. Lakini ukoo wa Strickland hawakutaka kumsahau ndege wao.

Basi Waingereza walimwona mgeni huyo wakamfananisha na kanga. Msiwacheke upesi. Hebu tuchukue mfano. Hapo Nzuguni viko viwanja vya Nanenane, ambapo wakulima na wafugaji hukusanyika kila mwaka mwezi wa Agosti kuonyesha mazao na mifugo yao. Tuseme kwamba kanga na bata mzinga wamewekwa huko katika vizimba viwili vilivyo jirani. Anayewajua atasema hawafanani hata kidogo: bata mzinga dume aweza kufikia kilo 10 na zaidi, na kanga hufikia kilo moja na kidogo, huyu ana madoa, na yule hana, huyu ana pembe utosini, na yule ana ngozi nyekundu iangukayo juu ya mdomo, na mkia aukunjuao kama upepeo anapojivuna. Lakini mtu ambaye hajawaona ndege hao wote wawili ataona nini? Ataona ndege wa mfano wa kuku, weusi-weusi, wenye vichwa vitupu na nyama za kuning'inia shingoni, waparuao ardhi na kupiga kelele. Na akiambiwa kwamba wote wawili wametoka ng'ambo kwa merikebu, atawaweka katika kapu moja.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa muda wa miaka mingi katika karne ya 16 jina "turkey" lilitumiwa kwa ndege wote wawili, hata asomaye vitabu vya wakati huo hawezi kujua daima ni yupi anayetajwa. Polepole wakatengana. Mgeni wa Amerika, aliyekuwa mkubwa na mwenye bei, akabaki na jina la "turkey". Kanga, mwenye jina wa kwanza, akaachiwa lile la "guinea fowl". Jina lenyewe likazoeleka upesi mno. Shakespeare, mtunzi mkuu wa michezo, aliandika karibu na mwaka wa 1597 mchezo juu ya mfalme Henry wa Nne, na ndani yake mchukuzi mmoja analalamika juu ya ndege hao walio katika matenga yake. Mfalme huyo alitawala tangu 1399 hata 1413, miaka mingi kabla Columbus hajazaliwa. Hakuna bata mzinga hata mmoja aliyekuwamo katika Uingereza siku hizo. Lakini watazamaji wa Shakespeare walikuwa wamekwisha kumzoea mgeni, hata wakamdhania kuwa mwenyeji.

Je, mataifa mengine walifanya vema zaidi? Sikilizeni. Waturuki wenyewe, ambao Waingereza wamempa ndege jina lao, humwita hindi, yaani wa Bara Hindi. Wafaransa humwita dinde, neno litokanalo na maneno yenye maana ya kuku wa Hindi. Warusi nao wana jina indeyka, la maana hiyo hiyo. Sababu yake ni kosa la Columbus, kwa kuwa nchi alizozifikia ziliitwa kwa muda mrefu Hindi ya Magharibi. Waholanzi hawakuridhika kutaja nchi nzima, wakataja na mji: humwita kalkoen, kutokana na Calicut, bandari ya pwani ya Malabar. Wareno humwita peru, kwa jina la nchi iliyo Amerika kweli, lakini si nchi aliyofugwa kwanza. Wamisri humwita jogoo wa Rumi. Wamalai wa Asia humwita kuku wa Uholanzi. Ukiziweka lugha hizo katika duara, kila moja itamnyoshea jirani yake kidole ikisema, Ametoka kwenu! Wenyeji wa Mexico peke yao ndio waliomwita kwa jina lisilomtaja jirani, na hakuna aliyewauliza.

Nasi Waswahili tusijitoe katika duara hilo. Twamwita bata mzinga, lakini si bata. Tazama miguu yake: vidole vimeachana kama vya kuku, havina ngozi katikati ya kumsaidia kuogelea, ukimtupa bwawani utampoteza. Na zaidi ya hayo, kila siku twala chakula kilichopewa jina kwa kosa hilo hilo. Mahindi yalitoka Mexico kama bata mzinga, nasi tukayaita kwa jina la Hindi. Waingereza wa karne ya 16 waliyaita mahindi ngano ya "Turkey", na Waitalia hata leo huyaita granturco, nafaka ya Kituruki. Ugali wa mahindi na nyama ya bata mzinga katika sahani moja ni chakula cha Mexico chenye majina ya Asia.

Mtu aweza kudhani kwamba wataalamu waliondoa fujo hiyo. Mwaka wa 1758 Carl Linnaeus, mtaalamu wa nchi ya Sweden, alitoa kitabu ambamo kila mnyama alipewa jina la Kilatini la maneno mawili, ili watu wa mataifa yote waelewane. Bata mzinga akamwita Meleagris gallopavo. Msomaji aliyeshika habari za Wayunani ataona mara moja kilichotokea. Meleagris ni kanga! Tena sehemu ya pili imeunganishwa kwa maneno ya Kilatini ya jogoo na tausi. Hivyo bata mzinga ana majina ya ndege watatu, na hakuna hata moja lililo lake. Kanga naye, kwa kuwa jina lake la Kiyunani lilikuwa limechukuliwa mbele, sasa huitwa Numida meleagris, yaani kanga wa Numidia, na Numidia ilikuwa nchi ya kale katika sehemu za Algeria ya leo. Wataalamu hufuata kanuni kwamba jina la kwanza lililoandikwa kwa taratibu halibadilishwi kwa sababu tu halimfai mwenyewe. Ndiyo sababu makosa hayo yamebaki katika vitabu vyao hata leo.

Sasa tuingie katika matumizi, kwa maana mwanafunzi hataulizwa habari za Meleager katika mtihani wa Kiingereza, bali ataulizwa neno laandikwaje.

Kwa herufi kubwa mwanzoni, "Turkey" ni nchi. Kwa herufi ndogo, "turkey" ni ndege. Neno likiwa mwanzo wa sentensi herufi haitusaidii, kwa hiyo tutazame maneno ya jirani. Nchi haitanguliwi na "a", ndege mmoja hutanguliwa. Wengi huitwa "turkeys". Lakini likitumiwa kwa nyama iliyo mezani, neno halina "a" wala "s", kama vile sisi tusemavyo tumekula kuku bila kuhesabu kuku ni wangapi. Dume huitwa "tom" au "gobbler", jike ni "hen", na kifaranga ni "poult". Katika "guinea fowl" herufi ya kwanza huandikwa ndogo, na neno halibadiliki likiwa kwa mmoja au kwa wengi, ingawa wako waongezao "s". Kifaranga cha kanga kina jina lake mwenyewe, "keet". Angalieni pia kwamba "guinea" peke yake, katika vitabu vya zamani, ilikuwa sarafu ya dhahabu ya Uingereza, iliyofuliwa kwanza mwaka wa 1663, na iliyokuwa na thamani ya shilingi 21 tangu mwaka wa 1717. Iliitwa hivyo kwa sababu ya dhahabu iliyotoka pwani ile ile ya Afrika. Kwa hiyo mtu wa hadithi akilipa "guineas" tano kwa daktari, hakumpelekea kanga.

Wamarekani ndio walio na misemo mingi juu ya bata mzinga, kwa sababu ni ndege wa nchi yao, na tena ni chakula cha sikukuu yao ya Shukrani, ambayo sheria ya mwaka wa 1941 iliiweka Alhamisi ya nne ya Novemba. Kusema "talk turkey" ni kuzungumza waziwazi bila kuzunguka. Mtu aachaye tumbaku kwa siku moja, bila kupunguza kidogo kidogo, huambiwa ameacha "cold turkey", na hapo hakuna nyama wala mchuzi. Mchezo wa kuigiza usiopendeza watu huitwa "a turkey", na mtu asiye na akili aweza kutukanwa kwa neno hilo. Mwanafunzi alifahamu asomapo, lakini asilitumie. Neno jingine limezaliwa na sauti ya ndege huyo. Mwaka wa 1944 mkubwa mmoja wa Marekani, Maury Maverick wa Texas, alichoshwa na barua za ofisini zilizojaa maneno makubwa yasiyo na maana. Akawakumbuka bata mzinga wa kwao jinsi wanavyopayuka na kujitutumua, akayaita maandiko hayo "gobbledygook". Neno hilo limo katika kamusi zote za Kiingereza, na latumiwa mpaka leo, kwa kuwa barua hizo hazijakoma.

Lakini hebu fikirini mambo hayo yote kwa upande wa Waturuki. Nchi yao ni ya watu zaidi ya milioni 80, yenye miji ya kale na historia ndefu. Mtoto wao ajifunzaye Kiingereza hufungua kamusi atafute jina la nchi yake, naye hukuta ndege wa kuchomwa, mchezo ulioshindwa, na mtu mpumbavu. Sisi twaweza kucheka, yeye hawezi. Mwezi wa Desemba 2021 serikali yao iliagiza kwamba katika Kiingereza nchi iandikwe "Türkiye", kama wenyewe wanavyoiita katika lugha yao, na mwezi wa Juni 2022 Umoja wa Mataifa ulikubali kutumia jina hilo. Shirika lao la utangazaji lilipoeleza sababu, lilimtaja ndege na zile maana mbaya za kamusi. Magazeti mengi ya Kiingereza bado huandika kwa desturi ya zamani, kwa hiyo mwanafunzi atakutana na namna zote mbili. Katika Kiswahili hakuna kilichobadilika, kwa maana Uturuki haikupata kuwa na ndege ndani yake.

Imebaki habari moja ya kanga. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walianza kuvaa nguo ya namna mpya. Husimuliwa kwamba walinunua leso zilizouzwa kwa jora, wakazikata na kuzishona pamoja kuwa nguo moja pana. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza nguo zilizokwisha kupigwa chapa nzima. Baadhi ya nguo hizo za kwanza zilikuwa na madoa meupe juu ya rangi nyeusi, na watu wakazifananisha na manyoya ya kanga, wakaziita hivyo. Madoa yaliondoka, yakaja maua na embe na mikorosho, na maandishi ya mafumbo chini yake, lakini jina halikuondoka. Leo nguo hiyo yavaliwa pwani na bara, na sokoni Dodoma yauzwa jozi kwa jozi.

Waingereza walipoijua nguo hiyo walilichukua jina pamoja nayo. Fungua kamusi kubwa ya Kiingereza, utafute "kanga", na utalikuta limeandikwa wakati mwingine "khanga". Maana yake imeelezwa kuwa ni nguo ya wanawake wa Afrika ya Mashariki. Ndege mwenyewe, akitaka kutafutwa katika kamusi hiyo, atapatikana kurasa kadhaa nyuma, chini ya "guinea".